Gauni la Kulalia la Mgeni kutoka Magu

Juzi nilipita kwenye kibanda cha dobi mmoja ambaye bado anatumia pasi ya mkaa. Alikuwa anapiga pasi shuka la pamba likiwa bichi, na ule mvuke wenye harufu ya jivu na pamba iliyoungua kidogo ukanipanda puani kabla sijajiandaa. Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina. Dobi aliniuliza kama nina nguo za kuacha. Sikuwa nazo. Mimi wakati huo nilikuwa nimesharudi barazani kwetu Mabatini, mtoto wa darasa la tatu, nimekaa juu ya kigoda naokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya Mama, na jicho langu liko kwa mgeni.

Alikuja msimu wa kuuza pamba. Baba alikuwa mpima pamba, na kila msimu ulipofika alihamia upande wa Magu, anashinda kwenye mizani na kulala huko huko, kisha Jumamosi anarudi nyumbani na nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nyusi kama mzee wa kuigiza. Nilizoea kumkimbilia na kumpangusa. Jumamosi ile nilikimbia nikaishia katikati ya njia, kwa sababu nyuma yake alikuwepo mwanamke. Alikuwa amejifunika kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa kali, mkono wa kulia umeshika mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na mkono wa kushoto ameubana ubavuni kama mtu anayeficha kitu kwapani.

"Mama Kabula," Baba akasema, "huyu ni dada yangu. Anaitwa Nyamizi. Atakaa kwetu kidogo."

"Dada yako," Mama akasema. Hakuuliza. Aliyarudia tu maneno yale, polepole, kama anavyokinyoosha kitambaa kutazama kama kina kasoro.

"Ndiyo. Dada."

"Karibu, wifi."

"Ahsante, wifi. Poleni na kazi."

Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa sauti ndogo iliyoishia mdomoni. Hapo hapo nikaanza kumtilia shaka. Dada za Baba niliwajua. Walikuwa wanawake warefu, weusi hasa, wenye sauti za kuitia ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde, na walikuwa wakija kwetu kwenye misiba na harusi wanaijaza nyumba mpaka kuku wanahama. Huyu alikuwa mfupi, maji ya kunde, na alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti ni cha mtu mwingine atakayerudi muda wowote. Hata pua yake haikuwa ya kwao.

Mama naye aliwajua wifi zake wote, na nilimsikia akimuuliza Baba jikoni wakati mgeni anaoga.

"Dada wa upande gani?"

"Upande wa baba."

"Baba yupi?"

"Mama Kabula, mtu amechoka. Mwache apumzike."

Huo ndio ulikuwa ukoo wote tuliopewa. Jumatatu alfajiri Baba akarudi kwenye mizani yake, akatuachia mgeni.

Lazima nieleze hali yetu ilivyokuwa, ili ieleweke kwa nini jambo dogo kama hilo lilitukaa kooni. Nilikuwa mtoto pekee, tena wa kike. Mama alikuwa amepoteza wengine kabla hawajafika, na watu wa ukoo wa Baba walikuwa na namna ya kuuliza "mwenzake yuko wapi?" huku wakinipapasa kichwa, swali ambalo nililichukulia kuwa la upendo mpaka nilipokua. Baba hakuwahi kusema neno lolote. Ila kimya cha Baba kilikuwa cha kuzaliwa nacho. Kingeweza kuwa na chochote ndani yake. Mtoto anayeishi na baba mkimya hujifunza kukisia, na nilikuwa mkisiaji hodari, ingawa karibu mara zote nilikosea.

Mgeni alilala chumbani kwangu. Usingizi wangu ukawa mwepesi. Alikuwa akivaa nguo akiwa ameuelekea ukuta, ndani ya khanga, kama mtu anayejishonea kwa ndani. Alioga mlango umefungwa kwa ndani na jiwe limeegemezwa nyuma yake. Nguo zake alizianika kambani kama sisi, isipokuwa vitambaa fulani vyeupe vyembamba alivyovianika chumbani, nyuma ya kitanda, na akavifunika. Kulikuwa na harufu ya dawa iliyomfuata. Na ule mkono wa kushoto haukuinuka kamwe. Akitaka kuanua nguo alitumia wa kulia peke yake, huku wa kushoto umebana, umebana. Niliamua kwamba ana hirizi kwapani. Nilikuwa nimeshawahi kusikia watoto wenzangu wakieleza habari za mwanamke aliyekwenda kwa watu na hirizi kwapani, na baada ya muda mfupi mwenye nyumba akawa yeye. Tangu siku hiyo nilikuwa nikila kwa hadhari.

Jirani yetu, Mama Shija, muuza dagaa, naye alikuwa na macho. Mchana mmoja alikuja barazani akaketi kwenye benchi la wateja bila nguo yoyote ya kushonwa.

"Mayu," akamwambia Mama kwa heshima ya Kisukuma, "mimi si mtu wa maneno."

Mama hakuacha kukanyaga cherehani. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba sentensi hiyo ni mlango tu, maneno yanafuata nyuma.

"Ila Jumamosi ile Baba Kabula alipomleta mgeni wako, niliwaona wanashuka kilima cha hospitali. Amemshika hivi, kiunoni. Kama unavyomshika mtu asianguke."

"Ni dada yake."

"Ehee. Na mimi nimesema dada yake?" Akasogeza benchi karibu. "Mwanamke anayepanda hospitali asubuhi akashuka amelegea vile, mimi na wewe tunajua ana nini. Na wewe, mayu, Mungu hajakuzidishia. Unaye huyu huyu."

Wakanitazama wote wawili. Nikainamia vipande vyangu vya vitambaa. Cherehani ilikuwa imesimama.

Jioni hiyo Mama alimwandalia mgeni maji ya kuoga yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamkalisha mkekani, akaongea kwa sauti ya asali niliyoijua. Ndiyo aliyokuwa akiitumia kwa wateja waliomletea kitambaa kifupi wakataka gauni refu.

"Wifi, nakuona unalala na kitenge hicho hicho unachoshinda nacho. Nikushonee gauni la kulalia."

"Usijisumbue, wifi."

"Fundi hajisumbui. Nina shuka zuri la mtumba, jepesi. Ila itabidi nikupime."

Nilimwona mgeni akiuvuta mkono wake wa kushoto karibu zaidi. "Huwezi kukadiria kwa macho tu?"

"Macho yanadanganya," Mama akasema.

Hapo ndipo mimi nilipopotea kabisa. Gauni la kulalia! Wenzangu wa rika langu mnajua tulilala na nini: khanga iliyochoka, fulana ya shule ya kaka wa mtu, gauni la zamani lililofumuka. Gauni la kulalia nilikuwa nimeliona sehemu moja tu, kwenye sherehe za kumfunda bibi harusi, pale mwanamke mmoja anapoingiza mkono kwenye mfuko wa zawadi, analiinua juu, na wengine wote wanapiga vigelegele na kucheka kicheko ambacho watoto tulifukuzwa kwa sababu yake. Kwa hiyo nilijua gauni la kulalia ni la nini. Ni la harusi. Mgeni anaolewa. Na mwanaume pekee aliyekuwepo katika habari nzima ile alikuwa Baba. Kilichonishinda ni kwa nini Mama, tena kwa hiari yake, amshonee.

Mama alikuwa na patani zake, zile karatasi za kukatia nguo, alizozichonga kutoka mifuko ya saruji akazitundika kwenye msumari ukutani. Iliyokuwa na heshima kuliko zote ni ya blauzi. Kwaya nzima ya kanisani kwetu ilivaa blauzi iliyotoka kwenye karatasi ile, na wanawake walikuja kutoka Nyegezi huko kuitafuta. Siri yake, Mama alisema, ilikuwa kwenye dati, ile mikunjo miwili midogo inayoshonwa chini ya makwapa ili nguo ijae vizuri kifuani. Hatukuruhusiwa kuikunja patani ile hata pembe. Nilipokuwa mdogo zaidi niliwahi kuichora jua na penseli, na kilichonipata nakikumbuka mpaka leo.

Patani ya gauni la kulalia Mama hakuwa nayo. Nani angemwagiza? Akaichukua ile ya blauzi, akaitandika juu ya shuka la mtumba, rangi ya samawati iliyopauka, laini kwa kufuliwa na watu tusiowajua. Akaniita nikanyage pembe moja ya shuka lisisogee. Alipofika kiunoni mwa blauzi hakuikata. Akaweka ncha ya chaki hapo na kuuvuta mstari nje, chini, chini zaidi, akiupanua kila upande, mpaka blauzi ikawa na mkia mrefu kama kanzu. Mikono aliiongeza upana. Shingo aliiteremsha kidogo. Yote aliyafanya midomo imebana pini, na sikuweza kuusoma uso wake.

"Nikishampima ndiyo nitakata," akasema, kwangu au kwa shuka.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana alichukua futi kamba, kopo la pini na chaki, akaingia na mgeni chumbani, akafunga mlango. Nikakaa kizingitini nimetega sikio.

"Nyoosha mikono, wifi."

Nilisikia futi kamba ikifunguliwa.

"Na wa kushoto."

"Hauendi, wifi."

"Hauendi kwa nini? Toa basi hicho kitenge nione."

Kitenge kikasikika kikivutwa. Kisha kopo la pini likaanguka, pini zikatawanyika sakafuni kama mvua ya ghafla kwenye bati. Nilisikia Mama akisema neno moja la Kisukuma, lile la kumwita mama yake mtu anapoumia. Baadaye sauti mbili za chini, zinapokezana, na katikati yake kilio. Sikuweza kutambua ni cha nani. Nilichotambua ni kwamba jambo baya limethibitika.

Mama alitoka futi kamba ikining'inia shingoni. Alinipita bila kuniona. Akaenda uani kwenye pipa la maji, akanawa uso, akasimama pale ameushika ukingo wa pipa kwa mikono miwili. Aliporudi alienda moja kwa moja kwenye shuka, akaichukua patani ya blauzi, akatwaa mkasi mkubwa na kuipasua katikati, kuanzia shingoni mpaka chini.

"Mama!"

"Nini?"

"Umeikata patani."

"Nimeona."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilidhani hasira imemtoa akilini. Lakini mikono yake haikuwa na hasira, ilikwenda taratibu. Upande wa kulia wa ile karatasi aliuacha na dati yake. Kwa upande wa kushoto alitafuta karatasi nyingine, akachora upya, bapa, bila dati, kwapa limeshushwa chini mno. Bega la kushoto hakuliunga. Aliliacha wazi, akakata vitepe vya kulifunga. Mbele nako akapasua mpaka kiunoni. Niliyatazama yale, na kwa akili yangu ya darasa la tatu nikaona mwanga: Mama anaiharibu nguo kusudi! Anamshonea mwenzake gauni la kombo, upande huu hivi na upande ule vile, ili siku ya harusi wanawake wakiliinua wapige kelele za kicheko badala ya vigelegele. Nikafurahi. Nikajua Mama wangu hajashindwa.

Furaha hiyo haikudumu. Siku iliyofuata Mama alinivutia kwake, akanisugulia mshono wa bega shavuni.

"Unakwaruza?"

"Kidogo."

Akaufumua wote. Akaushona tena, akiukunja mara mbili ili ncha za uzi zifichike ndani, akanisugulia tena. "Sasa?"

"Haukwaruzi."

Mtu hamlainishii adui mshono. Hilo hata mimi nilijua. Na kulikuwa na mengine. Mama alianza kumpikia mgeni mchuzi wa samaki sato peke yake, wenye ndimu, anaketi kumtazama mpaka amalize. Walikuwa wakicheka jikoni kwa sauti za chini. Mama ndiye aliyemfungia vile vitambaa vyeupe, na sasa walivianika juani bila kuficha. Mama Shija alipokuja tena kuketi kwenye benchi, Mama akamwambia, "Leo nina kazi nyingi, jirani," naye akaondoka ameudhika. Sikuwa na maelezo isipokuwa moja: Mama amelishwa kitu. Mgeni alipopika ile michembe yake, akaikoroga na karanga mpaka nyumba nzima ikanukia, nikasema nimeshiba. Nililia kidogo, kwa njaa na kwa upweke wa kuwa mtu wa mwisho mwenye akili timamu nyumbani.

Jumamosi Baba akarudi. Mama alimpokea mzigo, akampa maji, akamwandalia chakula, hakusema kitu. Utulivu wake ulinitisha kuliko ugomvi. Baba naye nilimwona akimtazama mara kwa mara pembeni mwa jicho. Jumapili tulitoka kanisani, tukaketi mkekani wote wanne kuizunguka sinia ya ugali na samaki. Mgeni alikuwa amekula vizuri. Gauni lilikuwa limekamilika, limekunjwa juu ya cherehani, limepigwa pasi. Nililitazama, nikamtazama Baba, na maneno yakatoka yenyewe.

"Baba, harusi ni lini?"

"Harusi ya nani?"

"Yako na shangazi."

Tonge la Baba lilisimama njiani. Mama aliweka kiganja mdomoni. Wa kwanza kutoa sauti alikuwa mgeni mwenyewe. Alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, na nilikitambua mara moja kwa sababu kilikuwa cha dada za Baba. Alicheka akijishika upande wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama vile kicheko kinamuuma, machozi yanamtoka.

"Kaka," akasema alipopata pumzi, "kumbe umenioa?"

Baba hakucheka. "Nani amemfundisha mtoto maneno haya?"

"Hakuna aliyemfundisha," Mama akasema. "Ameona alichokiona mama yake."

"Wewe? Wewe ulidhani..."

"Umeniletea mwanamke nisiyemjua, ukasema dada, ukafunga mdomo ukaenda zako kupima pamba. Watu wanawaona mnashuka hospitali umemshika. Nifikiri nini, Baba Kabula? Nilitaka kumpima nitafute mimba. Hiyo ndiyo kazi niliyolianzishia lile gauni. Nimezungusha futi kamba nikitafuta tumbo, nikakuta kidonda. Wamemkata titi zima, na mimi naishi naye nyumba moja, namhesabia madoa."

Sinia ikabaki katikati yetu. Inzi akatua kwenye samaki na hakuna aliyemfukuza.

"Nilimwapisha mimi, wifi," mgeni akasema. "Usimlaumu. Nilipotoka hospitali watu wa mume wangu walisema ugonjwa ule una mkosi, wakanitolea vitu vyangu nje. Nilimwambia kaka, nipeleke kwako, lakini nikitazamwa tena namna ile, nitakufa kwa macho ya watu kabla ya ugonjwa."

Kisha Baba akazungumza, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo mmoja. Baba yake, babu yangu niliyeambiwa alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa mfano, alikuwa amezaa binti nje ya ndoa. Baba alimjua Nyamizi kaburini, siku ya kumzika mzee. Binti alisimama nyuma ya watu, hakuna aliyempa udongo wa kutupia. Baba ndiye aliyempa. Tangu hapo kila msimu wa pamba alikuwa akimtembelea huko Magu, na hakumwambia mtu.

"Sikutaka kumvua nguo marehemu," akasema.

"Ukaona bora univue mimi," Mama akamjibu. Hakupandisha sauti. "Mimi sikukuamini, Baba Kabula, na wewe hukuniamini. Tule, ugali unapoa."

Tukala. Sijui wengine walionja nini. Mimi nilikuwa na njaa ya siku nyingi.

Baada ya chakula shangazi, maana sasa nilianza kumwita hivyo hata moyoni, alinichukua chumbani. Akajificha nyuma ya khanga kama kawaida yake, akatoka amelivaa lile gauni. Nilitarajia litakuwa kombo. Lilimkaa kama maji. Upande wa kulia ulijaa, wa kushoto ukatelemka bapa, wala halikuvuta popote, na hakulazimika kuinua mkono kulivaa. Alikuwa amejizungushia tu na kufunga vitepe begani. Akauchukua mkono wangu, akauweka upande ule bapa, juu ya kitambaa.

"Hapa palikuwa na ugonjwa. Wakautoa."

"Panauma?"

"Panauma. Nguo haiumizi."

Nikaona ndiyo nafasi yangu. "Na hirizi je? Ile uliyoibana kwapani?"

Alinitazama, mdomo unamcheza. "Mwanangu, ningekuwa na hirizi, titi langu lingekwenda?"

Nilimwomba michembe iliyobaki.

Alikaa nasi mpaka kidonda kilipofunga na mkono ukaanza kupanda, kwanza mpaka kwenye meza, baadaye mpaka kwenye kamba ya nguo. Madaktari wakamwandikia aende Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi. Mama akakata gauni la pili kutoka kwenye patani ile ile ya nusu mbili, akamshonea na mfuko mdogo kwa ndani wa kuwekea leso. Binti wa dada yake Mama angempokea huko. Baba alitaka kumsindikiza, shangazi akakataa, akasema pamba ya watu haijipimi.

Asubuhi ya safari tulikuwa Nyegezi, stendi, kabla jua halijapata nguvu. Mama alimfunga shangazi kitenge vizuri mabegani. Walikumbatiana kwa upande wa kulia, kwa uangalifu, kama watu waliokwisha kufanya hivyo mara nyingi. Shangazi akapanda, akakaa dirishani, akatupungia mkono. Wa kushoto. Haukufika juu sana, lakini uliinuka wenyewe.

Alirudi. Nasema hivi mapema kwa sababu najua wanaosoma habari kama hizi hukaa wakingojea msiba. Alirudi amekonda, nywele zimekatika, akaenda Magu kulima mpunga kwenye shamba alilogombania mwenyewe na watu wa mume wake, na aliishi mpaka nikawa na watoto wanaomwita bibi. Na kuanzia mwaka ule walianza kuja wanawake barazani kwetu, mmoja mmoja, wengine kutoka mbali, wamejifunika mabegani wakati wa joto. Walikuwa wakisubiri wateja wengine waondoke. Kisha walisema kwa sauti ya chini, "Nimeelekezwa na Nyamizi," na Mama aliinuka, akachukua futi kamba, akafunga mlango. Blauzi ya kwaya alilazimika kuichorea patani mpya, na watu walisema haikai kama ile ya zamani. Hakujali.

Lakini asubuhi ile pale stendi hakuna kati yetu aliyeyajua hayo. Tulisimama tukilitazama basi mpaka likapotea kwenye kona. Mama hakuondoka. Alikuwa amekunja mikono, na macho yake yalikuwa yale yale ya siku ya kwanza, ya mtu anayenyoosha kitambaa kukitafutia kasoro.

"Baba Kabula."

"Naam."

"Marehemu mzee. Alikuwa na huyu tu?"

Baba akakohoa. Akanitazama mimi. "Kabula, hebu nenda pale kanunue karanga."

"Mtoto abaki," Mama akasema.

Mpiga debe mmoja alipita akiita abiria wa Musoma. Baba alimsubiri apite, kisha akasubiri zaidi ya hapo.

"Yupo mwingine," akasema hatimaye. "Wa kiume. Yuko Kwimba huko, anafuga."

"Anaumwa?"

"Hapana. Nadhani mzima."

Mama akaweka khanga yake sawa begani, akanishika mkono, tukaanza kuondoka.

"Basi huyo," akasema bila kugeuka, "mlete akiwa bado mzima."